Penye Hema Pawe na Madhabahu

Somo: Mwanzo 13

Tunawasalimu ninyi nyote mlioko Nyaribari na Bobasi, Kitutu na Bonchari, Mugirango na Borabu. Tunawasalimu pia watoto wetu mlio mbali, katika vyumba vya kupanga huko Kawangware na Pipeline, mkijitayarisha kwenda kazini au kutafuta kazi.

Leo tunataka kuzungumza juu ya kuhamia mji mkubwa. Ni jambo linalogusa karibu kila nyumba kwetu Gusii. Kijana anauliza, “Je, niende Nairobi?” Na mama yake anauliza kwa sauti ya chini, “Akienda, atarudi kwetu akiwa mtu yule yule?” Maswali haya yote mawili ni ya haki.

Somo letu lasimulia habari za Ibrahimu na Lutu mwana wa ndugu yake. Mifugo yao ilikuwa mingi, na nchi haikuwatosha wakae pamoja. Wachungaji wao wakagombana. Ndipo Ibrahimu, ingawa alikuwa mkubwa, akampa kijana nafasi ya kuchagua kwanza. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lenye maji mengi, akaenda huko. Ibrahimu naye akahama, akakaa Hebroni.

Ndugu zangu, habari hii twaijua vizuri. Nchi yetu ni ya neema. Mvua hutunyeshea misimu miwili kwa mwaka, na chai, ndizi, mahindi na wimbi hustawi. Lakini shamba halizai shamba. Babu alikuwa na ekari kumi, akawagawia wanawe watano ekari mbili mbili. Mmoja wao ana wana wanne, na kila mmoja atapata nusu ekari. Akijenga nyumba, akaweka zizi la ng'ombe na mistari michache ya chai, amemaliza. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Basi tusiseme kwamba kila aendaye mjini ni mvivu au mpotevu. Wengine wameondoka ili ndugu zao wapate mahali pa kulima, na ili wasishikiane panga juu ya mpaka.

Tena tukubali kwamba mji una mema yake. Mgonjwa aliyeshindikana huku hupelekwa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Watoto wetu wengi wamesomea Chuo Kikuu cha Nairobi. Ndizi zetu huliwa na watu wa Nairobi, na mawe ya Tabaka yaliyochongwa na mafundi wetu huuzwa huko kwa wageni. Tena iko baraka ambayo hatuisemi mara nyingi. Katika kanisa la mjini, Mgusii hupiga magoti pamoja na Mluo, Mkamba, Mkikuyu na Mluhya, wakala mkate mmoja na kunywa kikombe kimoja. Kuna watu waliokuja kujua kwamba Kanisa la Kristo si la ukoo wao peke yake siku ile walipofika mjini.

Lakini mji una mizigo yake. Mwaka wa 1969 Nairobi ilikuwa na watu wapatao 510,000. Mwaka wa 2019 walihesabiwa 4,397,073, na mji umefurika mipaka yake hata kufika Kitengela, Rongai na Ruiru. Mtu huamka saa kumi usiku awahi gari, na hurudi watoto wamelala. Maji yananunuliwa kwa mtungi. Kodi ya nyumba haingojei mshahara. Mwezi wa Aprili na Mei mwaka wa 2024, mto Mathare ulifurika, watu wakafa, na maelfu wakapoteza makao kando ya mito. Na mzigo mzito kuliko yote ni upweke: kukaa katika nyumba ya ghorofa yenye watu mamia, na hakuna hata mmoja ajuaye kwamba hujala tangu jana.

Wengine husema, “Basi heri kijijini, kwa maana mjini ndiko kuliko na dhambi.” Wapendwa, tusijidanganye. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021, akina mama wazee wanne waliuawa huko Marani kwa kushukiwa uchawi. Jambo lile halikutendeka Nairobi. Lilitendeka kwetu, kati ya migomba yetu, mahali ambapo kila mtu anajua jina la jirani yake. Dhambi haipandi basi kwenda mjini. Hukaa moyoni, na moyo huenda popote mtu aendapo.

Basi, tofauti ya Lutu na Ibrahimu ilikuwa wapi? Wote wawili walihama. Lakini Maandiko yanatuambia kwamba Ibrahimu alipofika Hebroni alimjengea Bwana madhabahu. Kwa habari ya Lutu hatusomi madhabahu yoyote. Twasoma tu kwamba alisogeza hema yake kuelekea Sodoma. Katika sura ya 14 tunamkuta anakaa Sodoma, na katika sura ya 19 ameketi langoni pake kama mwenyeji. Alisogea kidogo kidogo. Ndivyo ilivyo kwa wengi wetu. Jumapili ya kwanza mtu amechoka, ya pili yuko kazini, na ya tatu hakumbuki tena kengele.

Kwa hiyo tuna maneno matatu.

La kwanza ni kwako unayekwenda. Kabla ya kutafuta godoro, tafuta kanisa. Mwendee mchungaji wako akupe barua ya kukutambulisha, pamoja na cheti chako cha ubatizo na kipaimara. Ukifika, mpe mchungaji wa huko katika juma la kwanza. Barua hiyo isikae chini ya sanduku. Hiyo ndiyo madhabahu yako kando ya hema.

La pili ni kwenu mlioacha mke na watoto nyumbani. Tangu mwaka wa 2007 tunatuma fedha kwa simu, nazo hufika kwa dakika moja. Tunamshukuru Mungu. Lakini fedha hufika, na baba hafiki. Mke analima peke yake, anauguza peke yake, anaamua peke yake. Mtoto anamjua baba kwa mlio wa simu. Kutoka Nairobi hadi Kisii ni kama kilomita 300 tu, safari ya siku moja. Ndugu, usitume mkono wako tu, njoo na uso wako.

La tatu ni kwetu tuliobaki. Mtu wetu akifa mjini, tunakutana kila jioni, tunachanga, tunakodi gari, tunamleta azikwe kwa baba zake. Ni desturi njema, ya upendo. Lakini je, alipokuwa mzima bila kazi, nani alichanga? Nani alimpigia simu bila kuomba kitu? Lutu alipochukuliwa mateka, Ibrahimu hakusema, “Alichagua mwenyewe.” Aliondoka na watu 318, akamfuata, akamrudisha akiwa hai. Na Mungu alipotaka kuiangamiza Sodoma, Ibrahimu alisimama kuuombea mji ule, ingawa haukuwa wake. Wazee wa kanisa, wekeni orodha ya watoto wa parishi walioko mijini. Iombeeni kwa majina. Mjue ni nani amenyamaza miezi mitatu, mkamtafute angali hai.

Ndugu msikilizaji, hatukuambii uende, wala hatukuambii ubaki. Mungu ni wa Manga na ni wa Mathare. Lakini popote utakaposimamisha hema yako, jiulize jioni ya leo: madhabahu iko wapi?

Na tuombe.

Ee Bwana, Mungu wa baba zetu, wakumbuke watoto wetu walioko mjini, hasa yule ambaye leo hana chakula wala rafiki. Walinde wake na waume waliotengwa na safari. Utuondolee ugomvi wa mashamba na hofu inayotufanya tuwaue wazee wetu. Tufundishe kutafutana tungali hai. Tunaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.