*MANENO YA UONGOZI WA TAWI KUHUSU MAABARA YA SEKONDARI YETU*

Wengi mlizuiwa na mvua Jumapili, hivyo tunawatumia hapa tuliyoyasema mkutanoni.

Mnakumbuka lile agizo la Rais Kikwete kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Kaya zilichangishwa, na asiye na fedha alisomba mchanga. Majengo yamesimama. Ndani kuna meza, na bomba lisilotoa maji. Kijana wa kidato cha nne anaishika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa vitendo, na anapimwa sawa na mwenzake wa mjini aliyeizoea miaka mingi. Hilo hatulikubali.

Baadhi yenu mlisema tusubiri bajeti ya halmashauri. Tunaidai, na diwani anajua tunaidai. Lakini mitihani ni Novemba.

Walimu wa sayansi wametuonyesha yanayowezekana sasa hivi. Bomba la sindano, likitolewa sindano yenyewe, linapima ujazo vizuri. Maua ya choya yakichemshwa hutoa maji mekundu. Tia ndimu, wekundu unabaki, tia maji ya majivu, yanageuka kijani. Tone la ayodini kwenye muhogo linakuwa bluu iliyokolea hadi nyeusi, na mtoto anauona wanga kwa macho yake. Jiwe kwenye uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi; kwa uzi huo na saa ya simu mwanafunzi anakokotoa mwenyewe ile 9.8 aliyokuwa akiikariri. (Mzee mmoja mkutanoni aliomba arudiwe hilo la jiwe mara tatu!)

Maji ya betri ya gari ni asidi kali. Hayo yatanunuliwa na shule na kushikwa na mwalimu tu. Asidi ndiyo humiminwa polepole kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Hata hivyo choya haifuti haja ya vifaa halisi, maana mtihani unataka bureti na pipeti. Kwa hiyo mkutano umeamua fedha za fulana za sherehe ya tawi zinunue vifaa hivyo. Tunajua wapo walionuna. Sherehe itafanyika, kila mtu avae alichonacho.

Vifaa havitabandikwa nembo ya chama wala picha ya kiongozi. Wazazi wa vyama vingine nao walisomba mchanga ule.

Kabla ya Jumamosi saa 4 asubuhi leteni ofisini chupa za plastiki safi, choya kavu, na betri za redio zilizokwisha, kwa ajili ya vijiti vya kaboni. Za simu msilete, zikipasuliwa huwaka moto. Mafundi bomba wawili wanahitajika siku hiyo hiyo. Jitajeni kwa Katibu.

Mwenyekiti na Katibu wa Tawi