Ufa wa Fremu: Usipakie Mtu Kabla ya Kuutazama

Mazungumzo ya mhudumu wa jamii na waendesha baiskeli pamoja na abiria wao



Leo nataka tuzungumze juu ya ufa katika fremu ya baiskeli. Wengi wetu tunaitegemea baiskeli kuleta maji, kuni na unga, na wengine wanabeba abiria ili watoto wale. Kwa hiyo mtu akiuona ufa huogopa kusimamisha kazi. Hupaka rangi, hunyamaza, huendelea. Mimi pia nilifanya hivyo.

Kabla ya kuja kambini nilikaa Sikuda, wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Jina la boda boda lilianzia hapo mpakani Busia, ambako tangu miaka ya 1960 vijana walivusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya Uganda na Kenya. Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini baiskeli bado zinabeba. Mimi niliendesha ya kukodi. Siku moja fremu ilipata ufa chini ya usukani. Fundi mmoja alichomelea juu ya rangi kwa dakika chache, nikalipa, nikafurahi. Kesho yake nilimpakia mama mwenye mtoto mgongoni. Kwenye mteremko fremu ilikatika palepale. Mtoto alivunjika mkono. Asubuhi ile nilikuwa nimeona mstari mwembamba kando ya mahali palipochomelewa, nikajiambia ni mkwaruzo tu.

UFA HUTOKA WAPI?

Piga hesabu. Madumu 4 ya lita 20 yakijaa maji ni kilo 80. Ongeza mwendeshaji wa kilo 60, jumla ni kilo 140. Kila shimo la barabara huipinda fremu kidogo, kisha hurudi. Chukua waya, uukunje na kuukunjua mara nyingi: mwisho utakatika mkononi. Fremu nayo huchoka hivyo hivyo.

NAMNA YA KUUTAFUTA

Osha baiskeli. Tazama pale mabomba yanapoungana na shingo ya usukani, pale mhimili wa pedali unapopita, chini ya tandiko, na karibu na gurudumu la nyuma. Ukiona mstari wa kutu chini ya rangi, au ukisikia mlio mpya unapokanyaga pedali, shuka.

Kama huna hakika, paka mafuta ya taa mahali hapo, ungoje robo saa, kisha pangusa mpaka pakauke kabisa. Sugua chaki juu yake. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari juu ya chaki.

NAMNA YA KUUTENGENEZA

Mpelekee fundi, lakini usiondoke. Simama utazame mambo haya:

1. Rangi na kutu viondolewe kwa tupa na msasa mpaka chuma king'ae. Moto haushiki vizuri juu ya rangi.

2. Atoboe tundu dogo la milimita 3 pale ufa unapoishia, kila ncha. Tundu hilo huuzuia ufa usiendelee kutambaa.

3. Bomba la baiskeli ni jembamba. Umeme mkali hulitoboa. Kuchomelea kwa gesi na shaba ya manjano kunafaa zaidi, kwa sababu joto lake ni dogo kuliko la kuyeyusha chuma chenyewe.

4. Aweke kiraka cha chuma kilichopindwa kulifuata bomba, kipite ufa kwa sentimita 4 au 5 kila upande. Ncha za kiraka zichongwe kama jani. Zikikatwa wima, bomba litapasuka tena pale kiraka kinapoishia.

5. Chuma kipoe chenyewe. Asimwage maji juu yake.

6. Mpime kama fremu imenyooka. Toa gurudumu la nyuma. Funga uzi pale mhimili wake unapokaa upande mmoja, uzungushe mbele ya shingo ya usukani, urudishe upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la tandiko iwe sawa pande zote mbili.

Baada ya hapo beba maji tu kwa siku kadhaa, bila abiria. Rudia kipimo cha chaki. Kama hakuna mstari, unaweza kumpakia mtu.

VISIVYOTENGENEZWA

Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ukipata ufa usiuchomelee. Tafuta mwingine. Ukikatika, utaanguka kifudifudi bila onyo. Pia baiskeli ambayo sumaku haishiki fremu yake huenda ni ya alumini. Hiyo usiipeleke kwa fundi wa kawaida wa kuchomelea, maana hana vifaa vyake.

Najua kusimamisha baiskeli siku mbili ni kulala njaa kwa baadhi yetu. Ndiyo maana nawaomba waendeshaji wa kila boma wakubaliane kuazimana baiskeli mwenzao anapotengeneza yake. Anayeazimwa leo ataazima kesho.

Nanyi abiria, msione haya. Kabla ya kupanda, uliza: "Kaka, umeitazama fremu leo?" Mwendeshaji mwema hatakasirika.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tunaweza kuujenga tena kwa udongo. Mkono wa mtoto si udongo.