Kuchora Boga Lingali Shambani

(Maelezo ya kikundi cha akina mama wakulima, Siku ya Wakimbizi)



Tumeombwa tueleze habari za maboga yenye michoro mliyoyaona mezani. Wageni kadhaa wametuuliza kama ni yale ya Marekani ya tarehe 31 Oktoba. Siyo. Kule boga hukatwa kifuniko, likaondolewa mbegu na nyuzi zake, likatobolewa macho na meno, na mshumaa ukawashwa ndani. Mafundi wao hasa hawatoboi. Hukwangua ganda na nyama kidogo kidogo: penye wembamba mwanga hupita, penye unene hubaki giza. Ni ufundi, hatukatai. Lakini boga hilo huoza baada ya siku chache, na hapa Uganda mgao wetu wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, ukapungua tena baadaye. Boga ni chakula cha jioni cha watoto. Hatuwezi kulifanya taa.

Sisi tunalichora likiwa bado kwenye mmea. Ngoja lifikie ukubwa wa kichwa cha mtoto, ganda likiwa laini, kucha inaingia bila nguvu. Chagua asubuhi isiyo na dalili ya mvua. Bandika karatasi ya daftari yenye mchoro, toboa vitundu kwa pini kufuata mistari, ondoa karatasi, kisha unganisha vitundu kwa ncha ya msumari. Msumari upite kwenye ganda tu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: mkono ukizama hadi kwenye nyama, maji huingia na boga likaoza. Utomvu ukitoka usiufute, uache ukauke wenyewe.

Baada ya siku chache mstari hufunga kovu, na kovu hilo hunenepa na kutanuka kadiri boga linavyokua. Ndiyo maana tunaanza na herufi ndogo, na kati ya mstari na mstari tunaacha upana wa kidole. Ukibana, makovu yanaungana na mchoro unapotea. Akina mama wasukaji wa vikapu wanawashinda vijana hapa, maana wamezoea kuhesabu nafasi kabla ya kuanza. Na usiligeuze boga kwa nguvu ukitafuta upande mzuri, kikonyo kitakatika.

Likikomaa linapikwa kama mengine, na mbegu zinakaangwa.

Liko jambo jingine. Viwanja vyetu ni vidogo, na boga halijui mpaka. Mmea ukitambaa hadi kwa jirani, ugomvi huanza na kesi huletwa kwa Kamati. Jina lililoandikwa boga likiwa changa lina kovu kavu lililoinuka. Lililoandikwa jana bado ni bichi, hata mtoto anaona. Tunaomba Kamati ikubali alama hii kuwa ushahidi.

Watoto wanaotaka kujifunza waje na msumari. Visu wasilete.