Mabawa ya Kukorogea Sabuni ya Maji

(Maneno yaliyosemwa na fundi mmoja wa Kamukunji mbele ya mafundi vijana na akina mama watengenezao sabuni, hapa Majengo, Nairobi.)



Nimeombwa niseme machache juu ya mashine za kukorogea, na hasa juu ya mabawa yake. Wengi wenu mnatengeneza sabuni ya maji na kuiuza Gikomba, na taabu yake mwaijua. Ungerol, kile kiini kizito, hushika chini ya pipa kama ugali ulioachwa motoni, na juu hujaa povu hata mtu asijue kama ana pipa la sabuni au pipa la hewa. Mwiko huchosha mabega. Ndiyo sababu watu hutujia sisi mafundi wakitaka mashine yenye mota.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kikundi kimoja cha akina mama kilinunua mota kwa fedha za mchango wao, nami nikawatengenezea mabawa manne yaliyosimama wima, upana wake sentimita 15 toka ncha hata ncha. Baada ya siku chache wakaniambia kwamba kiini hakiyeyuki. Nikadhani mabawa ni mafupi, nikayaongeza hata yakafika sentimita 20. Asubuhi ya pili mota ikatoa moshi, ikafa. Nililipa nusu ya bei ya mota nyingine, na nusu wakalipa wao, ingawa haikuwa haki walipe hata senti.

Hesabu yake sikuijua wakati ule. Katika kitu chepesi kama maji, kikorogwacho kwa nguvu, ukiongeza upana wa mabawa kwa theluthi moja tu bila kupunguza mwendo, mota hutakiwa kutoa nguvu zaidi ya mara nne. Ukiuongeza mwendo mara mbili, nguvu itakiwayo huwa mara nane. Bwana Rushton wa Marekani na wenziwe walitoa vipimo vya mambo haya mwaka 1950, na wahandisi wangali wanavitumia.

Lakini hata kama mota ingalistahimili, sabuni isingalichanganyika vema. Maji yote yalikuwa yakizunguka pamoja na mabawa. Fikirini basi liendalo Mombasa: laenda mbio sana, lakini abiria hawabadilishani viti. Tena maji yazungukayo hivyo hufanya shimo katikati, na shimo hilo huvuta hewa ndani. Povu lote lile latoka hapo.

Wazee wetu walilijua jambo hili mikononi, ingawa hawakuliandika. Mtazameni mama apekechaye mboga kwa kipekecho. Hukizungusha huku na huku baina ya viganja, na kabla mchuzi haujazoea kwenda kulia, umekwisha kurudishwa kushoto. Mota yetu haiwezi kufanya hivyo. Yaenda upande mmoja tu. Basi kazi ile ya kuyazuia maji yasifuatane na mabawa lazima ifanywe na pipa lenyewe.

Tutie mbavu nne ndani ya pipa, zisimame toka chini hata juu, kwa nafasi zilizo sawa. Pipa la lita 200 lina upana wa sentimita 57 hivi. Kila ubavu uwe na upana wa sentimita 5, na uachwe mwanya mdogo kati yake na ukuta ili sabuni isigande pale. Upana wa mabawa uwe theluthi ya upana wa pipa, yaani sentimita 19, nayo yakae chini, yapata theluthi moja ya kina toka sakafu ya pipa. Yasisimame wima, bali yalazwe nusu ya pembe mraba, kama ya pangaboi au rafadha ya meli, yasukume maji kwenda chini. Mota ikizunguka kinyume yatayainua badala ya kuyashusha, kwa hiyo tazameni kwanza kabla ya kumwaga kiini.

Angalieni: mbavu huifanya mota ifanye kazi ngumu zaidi, kwa maana maji hayakimbii tena pamoja na mabawa. Punguzeni mwendo kwanza kwa puli kubwa. Na sabuni ikisha kuwa nzito kwa chumvi, mabawa madogo hayafai tena. Hapo hutakiwa chuma kipana mfano wa nanga, kipitacho karibu na ukuta polepole. Akina mama, leso ndefu na chuma kizungukacho havipatani. Zimeni umeme kabla ya kutia mkono.

Mtu asiye na mota aweza kujaribu nyumbani. Tia majani ya chai katika maji ndani ya chombo cha kioo, ukoroge kwa mzunguko, kisha uache. Majani hujikusanya chini katikati. Bwana Albert Einstein aliieleza sababu yake mwaka 1926. Halafu simamisha vijiti vinne kandokando, ukoroge tena, na utaona majani yakitawanyika na kupanda juu.

Kikundi kile kingali kinakoroga. Mota yao ya pili ni ndogo kuliko ile iliyoungua, na pipa lao lina mbavu nne. Atakaye kulipima na aje na futi yake kesho mchana, kabla hawajaanza kazi.