Vikanyagio vya abiria: maneno ya kamati ya pikipiki kwenye mkutano wa wanachama, Baraka



Mmetuuliza kwa nini tulitoa pesa ya michango kumlipa fundi wa kuchomelea, na pikipiki ilikuwa haijaharibika. Ni swali la haki. Jibu linaanzia kwa mama mmoja wetu, mfupi wa kimo, tuliyembeba toka hapa Baraka kwenda Fizi akiwa mgonjwa. Njia ile si mnaijua. Alipofika alishindwa kushuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na kwenye kigimbi cha kulia bomba la moshi lilikuwa limemuunguza. Toka siku ile akasema bora atembee. Kumbe kuna wengine wawili wafupi kama yeye walioacha kupanda zamani, wanaona haya kutuambia.

Tuseme kweli, mwanzoni tulikosea. Tulidhani shida ni kiti, tukaongeza sponji. Ikawa mbaya zaidi! Kiti kilipanda, nyayo zikawa mbali zaidi na vikanyagio. Mtu wa hivyo anabaki ananing'inia: ukingo wa kiti unambana paja kwa chini, damu haipiti vizuri, na kwenye kila shimo hana pa kujizuilia isipokuwa shati la dereva. Mguu ule unaotafuta pa kukanyaga njo unaenda kugusa bomba.

Basi tukatoa sponji. Tukasimamisha pikipiki kwenye stendi, watu wawili wakaishika, tukamkalisha mama, tukawa tunapandisha kipande cha ubao chini ya nyayo zake mpaka paja likatulia kwenye kiti bila kubanwa. Tukapima: sentimita 9 juu ya vikanyagio vya zamani.

Fundi alitaka kuchomelea moja kwa moja kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Tukakataa. Chuma kile kikichomwa ovyo kinaweza kudhoofika, halafu kikanyagio cha pale kinaruka pamoja na gurudumu, mguu unatikiswa njia nzima. Akatengeneza bamba linalofungwa kwa bolti kwenye fremu, lenye matundu matatu: la chini kwa warefu, la juu kwa wafupi. Kubadilisha ni spana moja. Pa kukanyagia tulifunga kipande cha tairi kuukuu, maana kiatu chenye tope kinateleza.

Upande wa kulia ulitusumbua. Tulipopandisha, kisigino kikafika kwenye bomba, ikabidi tusogeze bamba mbele kidogo na kuweka bati la kukinga. Na msifikiri kupandisha sana ndiyo raha. Magoti yakipita kiuno mtu anasukumwa nyuma, na kwenye mlima wa kupanda Fizi huko ni kuanguka. Vikanyagio hivi pia ni vya abiria mmoja. Ile mishikaki tuliyozoea kuiona kule Kigoma, dereva wetu haruhusiwi.

Wafadhili, kuna jambo moja bado. Pikipiki nyingi za huku, Boxer na TVS, ni za kampuni za India. Kule sheria inadai abiria awe na kikanyagio na kishikio, tena gurudumu la nyuma lifunikwe angalau nusu ili nguo zisinaswe. Yetu haina kinga hiyo, na mama zetu wanavaa vitenge. Fundi anasema anaweza kuitengeneza kwa nondo nyembamba. Pesa ya nondo njo tunaomba. Kwa sasa dereva haondoki kabla kitenge hakijakunjwa na kukaliwa.

Mama yule amepanda tena, kwenda na kurudi. Safari hii alilalamika juu ya mwendo wa dereva tu, na dereva tumeshamsemesha.