Kutoka Mapinduzi ya Unguja hadi Al Khoudh

Ni jambo la kawaida kukisikia Kiswahili mtaani Al Khoudh, magharibi ya Muscat, mahala kilipo Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilichofunguliwa mwaka 1986. Chanzo chake, msikilizaji, kwa sehemu kubwa ni misukosuko ya enzi ya vita baridi.

Mapinduzi ya Januari 12, mwaka 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, yalimng'oa Sultan Jamshid bin Abdullah huko Zanzibar. Maelfu waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu. Karume hakuwa mkomunisti. Lakini Abdulrahman Babu na wenziwe wa chama cha Umma, wafuasi wa Karl Marx, waliingia serikalini, ardhi ikataifishwa, na wataalamu wa China na Ujerumani Mashariki wakawasili. Waliosalimika wakatawanyika. Oman ya Sultan Said bin Taimur iliwafungia wengi mlango.

Aliyeufungua ni mwanawe, Qaboos, baada ya kumpindua Julai 23, mwaka 1970. Nchi haikuwa na walimu, madaktari wala makarani wa kutosha. Tena ilikuwa vitani Dhofar, ambako wapiganaji wa Kikomunisti walisaidiwa na Yemen Kusini hadi waliposhindwa mwaka 1975. Hivyo waliokimbizwa na mapinduzi ya Unguja ndio walioajiriwa kuijenga dola iliyokuwa ikiyakabili mapinduzi mengine. Na baadhi yao, jambo lisilotajwa sana, walisomea katika nchi za kisoshalisti.

Jamshid mwenyewe hakuruhusiwa kuhamia Oman hadi mwaka 2020, baada ya zaidi ya miaka 50 nchini Uingereza. Alifariki Muscat Desemba 30, mwaka 2024.