Mzee Anaposema "Sijashindwa": Mhadhara wa Umma Kuhusu Matunzo ya Wazee Nyumbani

Mgwashi ni kata ya Halmashauri ya Bumbuli, katika Milima ya Usambara. Nyumba ziko juu, maji yako bondeni, na katikati kuna mteremko wa maharage na mahindi. Kijana hupanda na kushuka akipiga mluzi. Bibi mwenye magoti mabovu huipanga safari hiyo tangu jana yake, hasa miezi ya baridi, ukungu unapotanda. Watoto wake wako Tanga au Dar es Salaam. Hela inakuja kwa simu. Siku moja wanamletea binti wa kumtazama. Bibi anamkagua juu hadi chini, anasema, "Mimi sijashindwa," na kabla ya wiki kwisha binti anatafuta nauli ya kurudi kwao.

Watoto huita huo ukaidi. Si kweli, au si kweli yote. Mama aliyeendesha nyumba miaka hamsini akikuta mtu amewasha jiko lake bila kumuuliza, hajasaidiwa, amepinduliwa. Isitoshe, kuna majirani: watasema wanawe wamemchoka, wamemwachia mtu baki.

Na kuna haya ya mwili. Hapo mjukuu hupita pale mtoto wa kuzaa anapokwama, kwa sababu ya utani. Akisema, "Mke mwenzangu, leo unanuka moshi, twende tukaoge," bibi atamtukana, atacheka, kisha atanyanyuka. Binti yake wa kumzaa akilitamka hilo hilo, ni ugomvi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya 2003 ilimhesabu mzee kuanzia miaka 60, iliiachia familia jukumu la kwanza la matunzo, na makazi ya wazee iliyaweka mwisho kabisa. Sensa ya 2012 ilihesabu wazee wapatao milioni 2.5 nchini. Familia iliyotajwa na sera, huko milimani, mara nyingi ni namba ya simu.

Kwa hiyo msaada uingie kwa mlango wa nje: maji, kuni, palizi. Kuoga na dawa vifuate baadaye, mazoea yakishakuwepo. Binti atambulishwe na shangazi, au mtu wa msikitini au kanisani anayeheshimika, na mshahara wake upitie mkononi mwa bibi ili ijulikane nani mwajiri. Nani analipa ni jambo kubwa: Japani ilipoanzisha bima ya matunzo mwaka 2000, wananchi wakichangia kuanzia miaka 40, msaada wa nyumbani ulianza kuonekana haki ya mtu badala ya hisani. Zanzibar nayo, mwaka 2016, ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, tajiri kwa maskini. Mwenye chake huajiri. Asiye nacho huwekewa mtu.

Kuheshimu kukataa kwa mzee kuna mpaka. Mzee anayesahau moto jikoni au kuanguka kila mara apelekwe kwanza kupimwa. Huenda kinachokataa ni ugonjwa.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wapatao 137,294 kwa miaka mitano. Watakaopangiwa Bumbuli wafundishwe namna ya kubisha hodi kabla ya namna ya kupima presha. Nanyi mlioko Dar, kabla ya kutuma nauli ya binti, mpigieni mama mumuulize ni nani angemruhusu kugusa sufuria zake.